Uta, Upepo na Vilima Vigeni

Mwaka 1925 Wamarekani watatu walifika Tanganyika kuwinda simba. Jambo hilo peke yake halikuwa ajabu, kwani enzi hizo wageni wenye bunduki walikuwa wakija kila mwaka kwa madhumuni hayo hayo. Lakini wawili kati yao, Saxton Pope na Arthur Young, walikuja na nyuta na mishale. Wa tatu, mwandishi Stewart Edward White, alichukua bunduki, na kazi yake moja kubwa ilikuwa kusimama kando ya wenzake mshale uliporuka, ili awaokoe iwapo simba angeamua kuwafuata badala ya kufa.

Pope alikuwa daktari wa upasuaji katika mji wa San Francisco. Uta alifundishwa na Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi, aliyetoka peke yake katika vilima vya California mwaka 1911 baada ya jamaa zake wote kutoweka. Ishi aliwekwa katika jumba la makumbusho la chuo kikuu, na huko akamfundisha daktari wake kuchonga uta, kutengeneza mishale na kumnyemelea mnyama. Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1916. Pope aliandika kitabu juu ya uwindaji wa uta mwaka 1923, na kabla ya kuja kwetu alikuwa amekwisha kuua dubu kwa mishale katika milima ya kwao. Hata hivyo, katika mbuga za kaskazini mwa Tanganyika yeye na mwenzake walikuwa wageni: nyasi ngeni, mwanga mgeni, wanyama wasiowajua.

Hapa ndipo swali letu linapoanzia. Mtu anapohamia nchi asiyoijua hupoteza nini katika ustadi wake wa uta? Mkono ni ule ule, jicho ni lile lile, na mti wa uta haukubadilika njiani. Swali hili si la Wamarekani peke yao. Linaweza kuchunguzwa vizuri sana na wanafunzi wa Kibaha au wa Kisarawe, katika vilima na misitu iliyo karibu na shule zao, wala hapana haja ya kumfuma mnyama hata mmoja.

Hatua thelathini

Tuanze na uta wenyewe. Mpigaji anapouvuta upote wa uta wa wastani umbali wa sentimeta 60, kani ya mkono wake mwishoni hufika, tuseme, newtoni 250. Kani hiyo haikuanza na 250. Ilianza na sifuri ikapanda kidogo kidogo, kwa hiyo wastani wake ni newtoni 125 hivi. Kazi iliyofanyika ni 125 mara 0.6, yaani jouli 75. Nishati hiyo sasa imelala ndani ya mti uliopindwa: mgongo wa uta umenyooshwa na tumbo lake limebanwa, na kila upande unataka kurudi ulivyokuwa.

Upote ukiachiwa, si nishati yote inayoufikia mshale. Sehemu yake huishia katika kuurusha mti wenyewe na upote, na sehemu nyingine katika mtetemo na sauti. Tukikadiria kwamba asilimia 60 ndiyo inayofika, mshale huondoka na jouli 45. Ikiwa tungamo la mshale ni gramu 30, kasi yake itakuwa mita 55 hivi kwa sekunde. Mwanafunzi wa kidato cha tatu na ahakikishe mwenyewe. Risasi ya bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa hutoka na zaidi ya jouli 3,000. Kwa hiyo mshale hauui kwa kishindo. Unaua kwa kukata, na hukata vizuri pale tu chembe chake, yaani kile kichwa cha chuma, kinapopita katika mapafu au moyo.

Sasa tumweke mbawala mita 30 mbele ya mpigaji. Mshale utachukua sekunde 0.55 kufika. Sauti ya upote, inayokwenda mita 340 kwa sekunde, itafika kwa muda usiotimia sekunde 0.1. Mnyama basi anaisikia hatari karibu nusu sekunde nzima kabla haijamgusa, na nusu sekunde ni muda mrefu kwa mnyama aliyezaliwa kukimbia. Ndiyo sababu wawindaji wengi hulinyamazisha uta kwa kufunga kipande cha manyoya au cha ngozi kwenye upote.

Wakati huo huo mvutano wa dunia nao unafanya kazi. Katika sekunde 0.55 mshale huanguka mita 1.46 chini ya mstari ulioelekezwa, na mpigaji hana budi kuelekeza juu kwa kiasi hicho. Hili hulifanya bila hesabu, kwa mazoea ya miaka. Lakini mazoea hayo yanategemea jambo moja: aujue umbali. Akidhani mnyama yuko mita 30 naye yuko mita 35, mshale utapita sentimeta 28 hivi chini ya pale alipokusudia. Mapafu na moyo wa mbawala haviwi vipana sana kuliko sahani ya wali. Kosa la hatua tano linatosha kumvunja mnyama mguu na kumwacha afe baada ya siku nyingi, mahali asipoonekana.

Na umbali tunaupimaje kwa macho? Kwa kiasi kikubwa tunaulinganisha na ukubwa wa vitu tunavyovijua. Katika milima ya magharibi ya Marekani wapenda uta huwinda elki, mnyama wa pembe za matawi ambazo huanguka na kuota upya kila mwaka, na mabega yake hufika mita 1.5 kutoka ardhini. Jicho lililozoea mnyama huyo, likimwona paa wa misitu ya Pwani ambaye mabega yake hayazidi sana sentimeta 35, litamdhania yuko mbali kuliko alipo. Miti nayo hudanganya: aliyezoea misonobari mirefu hana kipimo anapoingia kichaka cha Ruvu. Hapo basi tumepata jibu la kwanza. Mgeni hupoteza rula iliyokuwa machoni pake.

Vilima huongeza mtego mwingine, ambao hata wenyeji wa nchi tambarare hunaswa nao. Mvutano wa dunia huvuta wima kwenda chini, wala haufuati mteremko. Mtu anayerusha mshale kwenye mteremko wa nyuzi 30, kwa mnyama aliye mita 30 kwa kipimo cha jicho, inampasa kulenga kana kwamba mnyama yuko mita 26, yaani 30 mara kosaini ya 30. Asipofanya hivyo mshale utapita sentimeta 20 hivi juu, iwe anapandisha au anateremsha. Mwalimu wa hisabati anayetafuta mfano wa kosaini wenye uhai ndani yake huenda akauona huu bora kuliko ngazi iliyoegemezwa ukutani.

Upepo wa Pugu

Lakini tatizo kubwa la mwindaji wa uta si mshale. Ni jinsi ya kuzifikia hizo mita 30, na jambo linalomzuia zaidi ya yote ni harufu yake mwenyewe.

Mabaharia wetu wana maneno mawili yanayofaa sana hapa. Upande utokako upepo huuita joshi, na upande uendako huuita demani. Mwindaji anayejua kazi yake humkaribia mnyama akiwa demani, ili upepo ulete habari za mnyama kwake, si habari zake kwa mnyama. Kanuni ni rahisi kuitamka. Ugumu ni kuujua upepo wenyewe, maana katika nchi ya vilima upepo hauko mmoja.

Vilima vya Pugu na Kisarawe si virefu, vinafika mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini vimekaa mahali ambapo pepo tatu hukutana. Ya kwanza ni pepo za msimu: kaskazi, inayovuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia karibu Desemba hadi Machi, na kusi, inayotoka upande wa kusini kuanzia Aprili au Mei na kuendelea kwa miezi mingi. Ya pili ni upepo wa bahari. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa ya nchi kavu huinuka, na hewa ya baharini huja kuchukua nafasi yake. Alasiri upepo huo huvuka Dar es Salaam na kupanda vilima. Usiku hulegea au hugeuka. Ya tatu ni upepo wa mteremko, na huo ndio unaowakosesha wengi.

Usiku wenye mbingu nyeupe mteremko hupoteza joto lake. Hewa inayougusa hupoa, huwa nzito, na huteremka bondeni polepole kama maji. Asubuhi na mapema, kwa hiyo, harufu ya mtu aliye juu ya kilima humfikia mnyama aliye chini. Jua likiisha kuchoma, mambo hugeuka: hewa ya mteremko huwa nyepesi na kupanda. Mgeuko huo hautokei kila mahali kwa wakati mmoja. Mteremko unaotazama mashariki hupata jua kwanza, na ule unaotazama magharibi huchelewa. Panapo saa mbili za asubuhi unaweza kusimama juu ya mgongo wa kilima na kukuta hewa inapanda upande mmoja na bado inashuka upande wa pili. Mwindaji akikatiza mgongo huo wakati huo, harufu yake humtangulia.

Wawindaji wa elki huijua kanuni hii vizuri, kwa sababu katika milima mirefu yenye usiku wa baridi upepo wa mteremko una nguvu na huja kwa saa zake. Mmoja wao akiletwa Kisarawe mwezi Julai, akatumia kanuni ile ile, atashangaa. Vilima vyetu ni vifupi, tofauti ya joto la usiku na la mchana ni ndogo, na kusi ikivuma kwa nguvu huufuta kabisa ule upepo mdogo wa mteremko. Kanuni ni ya kweli kote duniani. Kinachobadilika ni kipi kina nguvu kupita kingine. Nionavyo mimi, sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzoefu wa mahali ni kujua jambo hilo tu.

Wawindaji wengi wa Afrika hubeba kifuko kidogo cha majivu. Hukitikisa na kutazama vumbi linakoelekea. Ni chombo cha sayansi kisicho na gharama, na mwalimu anaweza kukitumia hivi. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vitatu: kimoja bondeni, kimoja katikati ya mteremko, kimoja mgongoni mwa kilima. Kila kikundi kitikise kifuko chake saa 12 asubuhi, saa 2, saa 4, saa 6 mchana, saa 9 na saa 12 jioni, na kuandika mwelekeo wa vumbi kwa dira pamoja na joto la hewa. Zoezi lifanywe juma moja wakati wa kaskazi na juma jingine wakati wa kusi. Darasa litakuwa na ramani ya pepo za mahali pale, na huenda ikawa ramani ya kwanza ya namna hiyo kuandikwa, ingawa wazee wa jirani wamekuwa nayo vichwani siku zote. Waulizwe, na majibu yao yalinganishwe na majivu.

Zoezi la pili ni la kunyemelea. Heini Hediger, mtaalamu wa wanyama wa Uswisi, alionyesha kwamba kila mnyama wa mwitu ana umbali wake wa kukimbia: ukiuvuka, huondoka, kabla ya hapo hukutazama tu. Tumbili wanaokaa karibu na mashamba, ndege wa porini, hata sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu apatikanaye katika misitu ya Pugu, wote wanafaa kupimwa. Mwanafunzi amkaribie mnyama akiwa joshi, ahesabu hatua zilizobaki anapokimbia, kisha siku nyingine afanye hivyo akiwa demani. Ndege, wanaotegemea macho zaidi, huenda wasionyeshe tofauti kubwa. Wanyama wanyonyeshao wataonyesha.

Njia nyingine ya kuufupisha umbali

Pope na Young walitumia mishale isiyo na sumu, kwa hiyo iliwalazimu kupiga mapafu au moyo. Afrika Mashariki ililitatua tatizo hilo kwa namna nyingine zamani sana. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, na Waata wa nyika ya Tsavo nchini Kenya, hupaka sumu chini ya chembe, na mshale ukiingia mahali popote penye nyama na damu kazi imekwisha. Waata walikuwa na nyuta za ajabu, nyingine zikihitaji zaidi ya newtoni 450 kuvutwa, na kwa nyuta hizo waliangusha tembo.

Sumu hizo hutoka katika mimea michache, hasa ya jamii za Acokanthera, Strophanthus na Adenium, na historia yake katika sayansi inastahili kujulikana na kila mwanafunzi wa biolojia. John Kirk, aliyekuwa na Livingstone katika safari ya Zambezi na baadaye akawa balozi wa Uingereza Zanzibar, alichukua sampuli ya sumu ya mishale. Inasimuliwa kwamba mswaki wake uligusana na sumu hiyo mfukoni. Alipoutumia alisikia uchungu, akapima mapigo ya moyo wake, akakuta yamepungua. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu ya Strophanthus na kutoa kwake dawa ya moyo. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alitenga katika mti wa Acokanthera kemikali iliyopewa jina la wabaini, kutokana na jina la Kisomali la mti huo.

Inafanya nini? Katika ngozi nyembamba ya kila seli kuna pampu inayotoa ayoni tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu. Wabaini huizuia pampu hiyo. Sodiamu hujaa ndani ya seli za moyo, kalisi nayo huongezeka, na moyo hupiga kwa nguvu zaidi. Kipimo kikizidi, mapigo huvurugika na moyo husimama. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Denmark aliigundua pampu hiyo, na ukweli kwamba sumu hii huizuia ulikuwa moja ya ushahidi wake. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1997. Basi mshale wa nyika umo ndani ya tuzo hiyo, ingawa waliouchovya hawakutajwa.

Yupo pia mwindwa aliyejifunza somo hilo hilo. Mwaka 2011 kundi la wanasayansi likiongozwa na Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, lilieleza kuhusu panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, Lophiomys, ambaye hutafuna gome la Acokanthera na kupaka mate yenye sumu kwenye manyoya maalumu ya ubavuni. Mbwa akimng'ata, hujuta, kama atapata nafasi ya kujuta.

Ni lazima kuongeza hapa kwamba Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza matumizi ya sumu katika uwindaji, na hakuna uwindaji wowote bila kibali. Mimea hii haina mzaha: mwanafunzi asiikate wala asiionje.

Mwitu unaogeuka

Hadi sasa tumezungumza juu ya mtu anayehamia vilima vigeni. Kisarawe imeonyesha kwamba vilima vyenyewe vinaweza kugeuka vigeni chini ya miguu ya mwenyeji. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo leo imefanywa hifadhi ya mazingira asilia, pamoja na ule wa Ruvu Kusini unaoenea kati ya Kisarawe na Kibaha, imekatwa kwa miaka mingi ili kuipatia Dar es Salaam mkaa na kuni. Tunazoea kuhesabu miti iliyopotea na wanyama waliopungua. Upepo hauhesabiwi.

Ndani ya msitu uliofunga, mwanga wa jua huishia kwenye majani ya juu. Chini hewa hutulia, ina unyevu, na husogea polepole kwa njia ile ile siku baada ya siku. Mtu aliyekulia humo hujua kwamba kwenye korongo fulani hewa hushuka hadi saa nne. Miti ikiondoka, jua huipiga ardhi moja kwa moja. Hewa ya joto huinuka kwa vipande vipande, upepo wa bahari huingia bila kizuizi, na korongo lile lile huwa na hewa inayozunguka kama kwenye chungu kinachochemka. Ujuzi wa mzee haukuwa wa uongo. Nchi iliyokuwa ikielezwa na ujuzi huo ndiyo iliyoondoka.

Nguruwe mwitu, kwa upande wao, wamezoea hali mpya upesi kuliko watu. Wenye mashamba ya mihogo kando ya misitu wanawajua: huja usiku, wakati hewa inateremka kutoka makaoni mwa watu kuelekea bondeni, hivi kwamba wanaunusa mji mzima kabla ya kutia mguu shambani. Mlinzi aliyejenga dungu lake upande wa juu wa shamba, kwa sababu huko ndiko aonako vizuri, amejiweka joshi. Angeshauriwa kulihamishia chini, ukingoni mwa bonde, na kuwasha moto wake mbali nalo.

Kikundi cha wanafunzi kinachotaka kulichunguza jambo hili kichague sehemu mbili zenye mteremko sawa, moja ndani ya miti na nyingine kwenye uwanda uliokatwa, zisizopishana zaidi ya mita 200. Vifuko vya majivu vitikiswe kwa pamoja, kwa ishara ya filimbi, kila nusu saa tangu alfajiri hadi adhuhuri. Kwa kila kipimo waandike pia muda ambao vumbi huchukua kusafiri mita tano. Kwenye msitu watu wawili watatosha. Kwenye uwanda afadhali wawe wanne, kwa maana vumbi litawakimbia.